Jukwaa la Sokoni: Historia ya Market Theatre ya Johannesburg na Lugha Zake

Katika mtaa wa Newtown, magharibi ya kitovu cha mji wa Johannesburg, liko jengo kubwa lililofunguliwa mwaka 1913 kuwa soko la mazao. Sehemu yake moja ilikuwa ya wachuuzi wa Kihindi waliouza matunda, na watu wa kila kabila na kila rangi waliingia humo kununua. Soko lilipohamishiwa City Deep katika miaka ya 1970, jengo lilibaki tupu. Lakini halikukaa tupu kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1976 limekuwa makao ya Market Theatre, kundi la michezo ya kuigiza lisilotafuta faida, ambalo sifa zake zimevuka mipaka ya Afrika ya Kusini na kufika Ulaya na Marekani.

Historia ya kundi hili imezoeleka kusimuliwa kama historia ya rangi: jinsi watu weupe na weusi walivyosimama pamoja jukwaani, na kuketi pamoja mbele ya jukwaa, wakati sheria ilipokataza mambo yote mawili. Masimulizi hayo ni ya kweli. Hata hivyo yana upungufu, kwa kuwa yanapita haraka juu ya jambo ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita: wachezaji wale walisema lugha gani, na kwa nini. Jumba hili lilifunguliwa katika juma lile lile ambalo watoto wa shule walipigwa risasi kwa sababu ya lugha. Ikiwa historia yake itaandikwa bila ya lugha, basi nusu yake haitakuwa imeandikwa.

Kwanza yafaa kutazama hali ilivyokuwa kabla ya jumba hili. Sheria ya mwaka 1950 iligawa miji katika maeneo ya makabila na rangi mbalimbali, kila kundi na lake. Sheria ya mwaka 1953 ilitenga mahali pa starehe na huduma za watu wote. Mwaka 1965 likatolewa tangazo la kukataza wachezaji wa rangi mbalimbali wasichanganyike jukwaani, na watazamaji wasichanganyike ukumbini. Fedha za serikali za kuendeleza sanaa zilipitia mabaraza manne yaliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, moja kwa kila jimbo, na mabaraza hayo yaliwahudumia watu weupe kwa lugha zao mbili, Kiingereza na Kiafrikana, ambacho wengi hukiita Kikaburu. Lugha za Waafrika, zilizokuwa lugha za watu wengi zaidi nchini, hazikuwa na nafasi katika majumba hayo makubwa.

Si kwamba Waafrika hawakuwa na michezo. Katika vitongoji vyao, Gibson Kente aliongoza makundi yaliyozunguka toka ukumbi hadi ukumbi, yakicheza michezo yenye nyimbo na dansi, na watu wakajaa kuitazama. Mjini Port Elizabeth kundi la Serpent Players, pamoja na Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona, lilitunga michezo kwa njia ya mazungumzo na majaribio. Mmojawapo, Sizwe Banzi Is Dead, ulichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972 katika jumba dogo la The Space mjini Cape Town. Kwa hiyo mbegu zilikuwako. Kilichokosekana mjini Johannesburg kilikuwa ni jumba lisiloomba fedha wala idhini kwa serikali.

Mwaka 1974 watu wawili walianzisha kundi jipya wakaliita The Company. Mmoja alikuwa Mannie Manim, aliyekuwa akifanya kazi katika baraza la sanaa la jimbo la Transvaal, na kwa hiyo alijua vema namna fedha za serikali zinavyofunga mikono ya mwenye kuzipokea. Wa pili alikuwa Barney Simon, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1932. Simon alikuwa amekaa London katika miaka ya 1950 na kuona kazi ya Joan Littlewood, bibi aliyewatungisha wachezaji wenyewe badala ya kuwakaririsha tu maneno ya mwandishi. Baadaye Simon alihariri gazeti la fasihi liitwalo The Classic, na pia alifanya kazi na wauguzi wa vijijini, akitumia hadithi na maigizo kufundisha mambo ya afya. Katika kazi hizo zote alizoea jambo moja, nalo ni kusikiliza watu wanavyosema. Kundi lao likapangishwa soko lile kuukuu, ambalo lilikuwa mali ya mji, likaanza kulitengeneza kwa michango ya watu na makampuni. Umbo la soko liliachwa lionekane, na jina la soko halikufichwa.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana. Chanzo chake chajulikana. Idara iliyosimamia elimu ya Waafrika ilikuwa imeagiza mwaka 1974 kwamba masomo kama hesabu na maarifa ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikana. Wanafunzi hawakukijua barabara. Wengi wa walimu wao pia hawakukijua. Na wote walikiona kuwa ni lugha ya polisi na ya ofisi za vitambulisho. Polisi walifyatua risasi. Miongoni mwa waliouawa siku ile alikuwamo mtoto Hector Pieterson, na katika miezi iliyofuata waliokufa wakawa mamia, sehemu nyingi za nchi.

Siku tano baadaye, tarehe 21 Juni, Market Theatre ilifungua mlango wake. Mchezo wa kwanza, ulioongozwa na Barney Simon katika ukumbi mdogo wa juu, ulikuwa The Seagull wa Mrusi Anton Chekhov, ukichezwa kwa Kiingereza. Mwezi wa Oktoba ukumbi mkubwa ukafunguliwa kwa mchezo wa Mjerumani Peter Weiss, ufahamikao kwa kifupi kuwa Marat/Sade. Hapa mwenye kuandika historia anapaswa kusita kidogo. Kusini-magharibi ya mji ule ule, watoto walikuwa wakifa kwa kukataa kulazimishwa lugha. Na mjini, jumba jipya lililojitangaza kuwa la watu wote lilianza kazi yake kwa tafsiri za Kirusi na Kijerumani katika lugha ambayo wengi wa watu hao hawakuitumia nyumbani. Hapana haja ya kuwalaumu waanzilishi, kwa sababu kumwalika mtu mweusi aketi kando ya mtu mweupe kulikuwa ni kuvunja amri ya serikali, na wao waliivunja tangu siku ya kwanza. Serikali yenyewe ilianza kulegeza masharti hayo ya kumbi za michezo mwaka 1978 tu. Lakini ni haki kusema kwamba mwaka 1976 jumba lilikuwa limefungua milango yake kwa watu wote, ilhali kinywa chake kilikuwa bado ni cha watu wachache.

Kinywa hicho kilifunguliwa pole pole, na ufunguo ulikuwa ni namna ya kutunga. Mwaka 1979 Simon na wachezaji wake walitoa mchezo uitwao Cincinnati. Haukuandikwa na mtu mmoja mezani. Wachezaji walitumwa kwenda kuwatazama watu wa mji, wawasikilize, kisha warudi na kusimulia. Katika masimulizi hayo ndimo mchezo ulimozaliwa. Njia hii ilikuwa na matokeo ambayo yamkini hata wenyewe hawakuyakusudia tangu mwanzo. Mchezaji aliyetoka kumsikiliza mchuuzi wa Soweto hakuweza kurudi na maneno ya Kiingereza safi, kwa sababu hakuyasikia. Alirudi na alichokisikia: Kizulu kilichoingiliwa na Kisotho, Kiingereza kilichovunjwa na kuungwa upya, amri za Kiafrikana zilizonukuliwa kama zilivyo. Basi kuchanganyika kwa lugha jukwaani hakukuanza kama nadharia ya wasomi, bali kulitokana na kusikiliza kwa uaminifu.

Mfano ulio bora ni Woza Albert!, mchezo uliotolewa Market Theatre mwaka 1981 na Percy Mtwa, Mbongeni Ngema na Barney Simon. Mtwa na Ngema walikuwa wamecheza pamoja katika kundi la Gibson Kente, na walikuja na swali moja: je, Yesu akirudi leo, akashukia Afrika ya Kusini, itakuwaje? Wachezaji ni wawili tu. Wanacheza watu wengi, kinyozi na askari, mfungwa na mwenye kiwanda cha matofali, kikongwe na mtoto, wakiwa na masanduku machache na nguo kuukuu. Kumwonyesha mtu mweupe, mchezaji huweka puani nusu ya kijipira cha rangi ya waridi. Lakini pua ile peke yake haitoshi, na kinachomgeuza mtu hasa ni lugha. Mara mchezaji anapoacha Kizulu na kutoa amri kwa Kiafrikana, mtazamaji anajua nani ameingia kabla hata hajaitazama pua yake. Anapomwita mkubwa wake kwa Kiingereza cha unyenyekevu, kisha akamgeukia mwenzake kwa lugha yao, mtazamaji anaona tabaka mbili za maisha zikigusana katika mdomo mmoja.

Jina la mchezo lenyewe lastahili kuchunguzwa, na msomaji wa Kiswahili ana nafasi njema ya kulichunguza. Kitenzi cha Kizulu ukuza ni ndugu wa kuja katika Kiswahili. Z ya huko yaitikia j ya huku. Tena lugha zote mbili zina ukaidi ule ule katika kuamrisha: Mswahili hasemi ja, bali njoo, na Mzulu hasemi za, bali woza. Mwisho wa mchezo, wachezaji wamo makaburini, na wafu wanaitwa kwa neno hilo mmoja mmoja: Albert Luthuli, aliyepewa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960 na kufariki mwaka 1967, Lilian Ngoyi, mmoja wa viongozi wa maandamano ya wanawake ya mwaka 1956, Steve Biko, Bram Fischer, na mtoto Hector Pieterson. Neno la kumwita jirani aje kula limekuwa neno la kumfufua shujaa. Kwa Kiingereza wito huo ungekuwa ni tafsiri ya Biblia. Kwa Kizulu ni sauti ya mama uani. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na ndiyo sababu jina hilo halikutafsiriwa mchezo ulipopelekwa Edinburgh, London na Marekani. Jambo la kukumbukwa ni kwamba barabara ya Bree, ipitayo kando ya jumba hilo, baadaye ilipewa jina la Lilian Ngoyi. Aliyeitwa jukwaani kwa ujasiri sasa aitwa barabarani kwa desturi.

Mtihani mwingine wa lugha ulikuja mwaka 1986, kundi la Junction Avenue lilipocheza Sophiatown katika Market Theatre chini ya uongozi wa Malcolm Purkey. Sophiatown kilikuwa kitongoji cha Johannesburg ambamo Waafrika, Wahindi, Wachina na wengineo waliishi bega kwa bega. Polisi walianza kuwahamisha wakazi wake Februari 1955; nyumba zikabomolewa, na mahali pale pakajengwa mtaa wa watu weupe ulioitwa Triomf, yaani Ushindi. Jina la zamani lilirudishwa mwaka 2006. Hadithi ya mchezo imetokana na kisa cha kweli cha waandishi wawili, Nat Nakasa na Lewis Nkosi, waliotangaza gazetini kwamba wanatafuta msichana wa Kiyahudi wa kukaa nao. Msichana wa mchezo anafika, naye hana budi kujifunza lugha ya mtaa, iitwayo tsotsitaal.

Lugha hiyo ni ya ajabu kwa mtafiti. Mifupa yake, yaani sarufi, aghalabu ni ya Kiafrikana. Nyama yake imetoka katika Kizulu, Kisotho, Kiingereza na kila pembe ya mji. Vijana wa Sophiatown walikichukua Kiafrikana wakakipinda mpaka mwenyewe asikitambue, wakakifanya alama ya ujanja na uhuru wao. Hii ndiyo tofauti kubwa ambayo mchezo uliiweka mbele ya watazamaji miaka kumi baada ya Soweto. Kiafrikana kilichoamrishwa darasani kilikataliwa hata kwa damu; Kiafrikana kilichochukuliwa mtaani bila ya amri kilipendwa na kuimbwa. Ni dhahiri kwamba watoto wa mwaka 1976 hawakuipinga sauti wala sarufi ya lugha fulani, bali walipinga kulazimishwa. Mwenye kuijua Sheng ya Nairobi atalielewa jambo hili kwa wepesi: lugha ya mtaa haiombi ruhusa kwa wenye lugha.

Hata hivyo mtafiti anayetaka kuyathibitisha haya maktabani hukutana na tatizo. Michezo hii ilipopigwa chapa, ilipigwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Kiingereza ndicho kilichotawala ukurasa, na maneno ya Kizulu, Kisotho na Kiafrikana yakabaki kama vipande, yakifuatwa na maelezo. Jukwaani, mchezaji aliweza kuongeza au kupunguza lugha kwa kadiri ya watazamaji wa usiku ule: katika ukumbi wa Soweto akapanua Kizulu, mjini akapanua Kiingereza. Kitabu hakina uwezo huo. Kwa hiyo mwenye kuhesabu maneno ya kitabu na kutoa hukumu kwamba michezo ya Market Theatre ilikuwa ya Kiingereza chenye vikolezo vya Kiafrika, atakuwa amepima kivuli akadhani amepima mtu. Ushahidi wa lugha ya jukwaa hauna budi kutafutwa pia katika kumbukumbu za wachezaji wenyewe, na hao hawadumu. Barney Simon alifariki mwaka 1995, na wengi wa kizazi chake wamekwisha kumfuata. Kila mmoja aondokaye bila ya kuulizwa huondoka na toleo lake la mchezo.

Suala la fedha nalo halitengani na suala la lugha. Katika miaka yote ya ubaguzi kundi halikupokea ruzuku ya serikali. Liliishi kwa viingilio na kwa michango ya watu na makampuni, yakiwamo makampuni makubwa ya migodi. Hili lilileta lawama. Wako waliosema kwamba haiwezekani kumlaani tajiri wa dhahabu kwa fedha yake mwenyewe, na kwamba jumba lililoko mjini, mbali na vitongoji, ambalo mtu wa Soweto hulifikia kwa shida na kurudi kwake usiku kwa hatari, litabaki kuwa mahali pa watu weupe wenye huruma. Lawama hizo zina uzito. Mtazamaji mwenye kulipa kiingilio ndiye asikilizwaye kwanza, na mtazamaji huyo mara nyingi alijua Kiingereza tu. Lakini lawama hizo hazielezi kila kitu. Kundi lisilo na mwenye hisa wa kugawiwa faida liliweza kuweka jukwaani mchezo ambao nusu ya watazamaji wake hawakufahamu nusu ya maneno yake. Mfanyabiashara asingethubutu, na baraza la serikali lisingeruhusu.

Inafaa kulinganisha na hali ya Tanzania. Ebrahim Hussein alipotoa Kinjeketile mwaka 1969, aliandika kwa Kiswahili kwa watu wa makabila mengi wenye lugha moja ya kukutania, na tafsiri ya Kiingereza ikaja baadaye kwa mkono wake mwenyewe. Watungaji wa Johannesburg hawakuwa na lugha ya namna hiyo. Kiingereza kilikuwa cha wasomi, Kiafrikana cha mtawala, na serikali ilizitumia lugha za Kibantu kama kuta za kuwatenga watu kabila kwa kabila. Hivyo walichagua kuziweka zote pamoja jukwaani, zigongane. Wengi wa vijana waliokimbia nchi baada ya Juni 1976 walipokewa Tanzania, na huko Mazimbu, Morogoro, chama cha ANC kikawajengea shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979. Watoto waliokimbia lugha ya kulazimishwa walijikuta katika nchi iliyofundisha shule zake za msingi kwa lugha ya Kiafrika tangu mwaka 1967.

Market Theatre haikusimama hapo. Mwaka 1987 mchezo wa Ngema uitwao Sarafina!, wenye muziki alioutunga pamoja na Hugh Masekela, uliwarudisha wanafunzi wa Soweto jukwaani, kisha ukavuka bahari hadi New York. Mwaka 1989 Simon na Kani walianzisha shule ya kuwafunza vijana, na mwaka huo huo David Goldblatt alianzisha karakana ya wapiga picha ambayo baadaye iliunganishwa na wakfu wa jumba. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994 mambo yaligeuka. Kundi lililozaliwa kwa kukataa fedha za serikali likawa chombo kinachopokea ruzuku ya serikali mpya. Katiba ya mwaka 1996 ilitambua lugha 11 za kitaifa, na mwaka 2023 lugha ya ishara ikaongezwa kuwa ya 12. Adui aliyewapa watungaji mada kila siku alikuwa ameondoka, na iliwabidi watafute jipya la kusema. John Kani alilipata mwaka 2002 katika Nothing but the Truth, mchezo wa familia moja yenye kubeba siri na uchungu wake katika siku za Tume ya Ukweli. Ukumbi mkubwa wa jumba sasa una jina lake, na ukumbi wa juu una jina la Barney Simon.

Lakini swali la mwaka 1976 halijafungwa. Sheria inayokataza lugha huweza kufutwa kwa siku moja. Mazoea ya kuiona lugha moja kuwa ya jukwaani na nyingine kuwa ya jikoni hayafutwi kwa katiba. Jumba lile lilithibitisha kwamba mtazamaji asiyefahamu kila neno bado aweza kufahamu mchezo, na kwamba kutofahamu kwake kwenyewe ni sehemu ya ukweli anaoonyeshwa. Katika soko la zamani mnunuzi na mwuzaji walielewana ijapokuwa kila mmoja alihesabu kwa lugha yake. Wachezaji walioingia baada yao waliikuta desturi hiyo ukutani, na walipoifuata walifaulu. Walipoiacha, jumba lilikuwa ni ukumbi tu kama kumbi nyingine.